Dadasaheb Phalke na Kuzaliwa kwa Sinema ya India: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Picha za Kihindi zimetazamwa kwa miongo mingi Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, na wapo wazee wanaoweza kuimba nyimbo zake bila kujua hata neno moja la Kihindi. Hata hivyo, mtu aliyeianza kazi hiyo hajulikani sana kwetu, na yanayosemwa juu yake mara nyingi ni sifa tupu. Majibu yafuatayo yanaeleza maisha na kazi ya Dhundiraj Govind Phalke, fundi kwanza na msanii baadaye.

Phalke alikuwa nani hasa?

Alikuwa mwongozaji, mtayarishaji na mwandishi wa filamu, ambaye mwaka 1913 alionyesha Bombay filamu iitwayo Raja Harishchandra, inayohesabiwa na wengi kuwa filamu ndefu ya kwanza ya hadithi iliyotengenezwa India na Wahindi wenyewe. Hesabu inayotajwa zaidi ni kwamba katika muda wa takriban miaka 19 alitengeneza filamu ndefu 95 na fupi 27, zote zikitengenezwa bila sauti isipokuwa moja tu ya mwisho. Zilizo nyingi zilisimulia visa vya miungu na wafalme wa kale wa Kihindu. Kwao anaitwa baba wa sinema ya India.

Kwa nini anaitwa "Dadasaheb"?

Msomaji wa Kiswahili asije akadhani kwamba alikuwa dada wa mtu. Katika Kimarathi, lugha aliyozaliwa nayo, "dada" ni kaka mkubwa, na "saheb" ni neno la heshima lenye asili ya Kiarabu, shina lile lile lililotupa sisi "sahibu". Kwa hiyo jina hilo ni la kumstahi tu, kama mtu anavyoweza kumwita mwenzake "kaka mkubwa" hata kama hawana undugu wa damu. Jina alilopewa na wazazi wake ni Dhundiraj.

Alizaliwa wapi na alisoma nini?

Alizaliwa tarehe 30 Aprili 1870 Trimbak, mji mdogo wa mahujaji ulio karibu na Nashik, magharibi mwa India. Baba yake alikuwa mwanachuoni wa Kisanskriti na mwenye kuongoza ibada, na alipopata kazi ya kufundisha lugha hiyo katika Chuo cha Wilson, familia nzima ilihamia Bombay. Mwaka 1885 kijana Phalke aliingia katika Shule ya Sanaa ya J. J. ya Bombay kujifunza kuchora, kisha akaenda Baroda alikokuwa kaka yake mkubwa, akajiunga na chuo cha Kala Bhavan, ambako alijifunza kupaka rangi, kufinyanga sanamu, misingi ya usanifu wa majengo na upigaji picha. Visa vya Kisanskriti alivyovisikia nyumbani na ufundi wa mikono alioupata Baroda ndiyo mtaji uliomfaa maisha yake yote, maana fedha hakuwa nazo.

Kabla ya sinema alikuwa akifanya kazi gani?

Sehemu hii ya maisha yake hurukwa kwa haraka, na kwa maoni yangu hilo ni kosa, kwa sababu hakuna kazi hata moja kati ya alizozifanya ambayo hakuja kuitumia baadaye mbele au nyuma ya kamera.

Kwanza alikuwa mpiga picha katika mji wa Godhra. Tauni iliyoenea magharibi mwa India miaka hiyo ilimpokonya mke wake wa kwanza na mtoto wao, naye akaondoka mjini humo. Aliporudi Baroda alijaribu tena kupiga picha watu kwa malipo, lakini biashara haikusimama, kwani ilienea imani kwamba kamera humnyonya mtu nguvu na kumfupishia maisha. Alichora pia mandhari za majukwaa ya tamthilia. Alijifunza mazingaombwe, na masimulizi yanasema mwalimu wake alikuwa Mjerumani aliyepita huko akifanya maonyesho. Mwanafunzi naye akapanda jukwaani kwa jina la Profesa Kelpha, ambalo ni Phalke lililosomwa kinyumenyume, silabi kwa silabi, kwa maandishi ya Kimarathi.

Mwaka 1902 alioa tena, na mwaka uliofuata aliajiriwa na idara ya serikali ya kikoloni iliyoshughulikia mambo ya kale ya India, akiwa mchoraji na mpiga picha. Ilikuwa ajira ya uhakika, lakini hakudumu nayo. Baada ya Waingereza kuligawa jimbo la Bengal mwaka 1905, harakati za Swadeshi, yaani za kujitegemea kwa bidhaa za nyumbani na kuzisusa za mkoloni, zilipamba moto, na Phalke akaona kwamba hawezi kuendelea kula mshahara wa serikali hiyo. Aliacha kazi akafungua kiwanda cha chapa huko Lonavla, baadaye Dadar mjini Bombay. Alikuwa tayari ameshughulika na picha za rangi za mchoraji mashuhuri Raja Ravi Varma, ambaye nakala zake za miungu zilitundikwa katika nyumba nyingi sana za Wahindi. Mwaka 1909 alikwenda Ujerumani kutafuta mitambo ya kupiga chapa za rangi. Kiwanda kilisifika, lakini alikosana na wabia wake, akaondoka mikono mitupu akiwa na umri wa miaka arobaini na ushee, na watoto wa kulisha.

Ni nini kilichomwingiza katika sinema?

Alikwenda kutazama filamu. Katika kipindi hicho cha kukosa kazi, aliingia katika hema la sinema lililoitwa America India Picture Palace, mtaa wa Girgaon, Bombay, na katika moja ya maonyesho hayo akaona filamu ya maisha ya Yesu. Yeye mwenyewe alieleza baadaye, katika makala alizoandika kwa Kimarathi mwaka 1917, kwamba macho yake yalipokuwa yakimtazama Kristo, akili yake ilikuwa ikimwona Krishna na Rama, na akajiuliza kama itafika siku wana wa India waone miungu yao kwenye pazia lile.

Tangu jioni ile hakutulia. Alinunua kamera ya bei nafuu na vipande vya filamu, akatazama kila picha iliyofika mjini, akachambua namna zilivyounganishwa, akalala saa chache tu usiku. Macho yake yalishindwa kuhimili, akawa haoni kwa muda, na ni matibabu ya daktari pamoja na miwani kadhaa vilivyomrudishia uwezo wa kuona. Inafaa kukumbuka kwamba picha zenyewe hazikuwa ngeni Bombay: ndugu Lumière wa Ufaransa walikuwa wamezionyesha katika Hoteli ya Watson mjini humo tarehe 7 Julai 1896. Kwa miaka kumi na mitano Bombay ilikuwa mtazamaji. Phalke alitaka iwe mtengenezaji.

Alijifunzia wapi ufundi wa filamu?

London, kwa muda mfupi mno. Alipanda meli tarehe 1 Februari 1912, na fedha za safari alizipata kwa kuweka rehani bima yake ya maisha. Alipofika hakuwa na mwenyeji, akaenda moja kwa moja katika ofisi ya gazeti la kila wiki la Bioscope, ambalo alikuwa akilisoma Bombay. Mhariri wake, Bwana Kabourn, kwanza alimshauri arudi kwao, kwani hata Uingereza wapo watengenezaji filamu waliokuwa wakifilisika. Alipoona mgeni hatikisiki, akamjulisha kwa Cecil Hepworth, mtayarishaji aliyekuwa na studio Walton. Hepworth alimruhusu kuzunguka studio na kuona kila hatua ya kazi.

Phalke alinunua kamera ya Williamson kwa takriban pauni 50 na mashine ya kutoboa matundu kwenye kingo za mkanda, akaagiza filamu ghafi za Kodak, na tarehe 1 Aprili alikuwa amerejea Bombay. Safari ya kwenda na kurudi kwa meli ilimla muda mwingi kuliko masomo yenyewe.

Alimshawishije mtu ampe fedha?

Kwa punje za njegere. Alizipanda chunguni, akaweka kamera mbele yake, akawa anapiga picha kidogo kidogo kila siku kwa zaidi ya mwezi mmoja. Mkanda ulipoonyeshwa, mtazamaji aliona kwa muda wa dakika moja hivi mbegu ikichipua, ikiinuka na kutambaa kama kiumbe kinachojinyoosha baada ya usingizi. Wenye mali waliotazama wakakubali kumkopesha, lakini kwa dhamana. Sehemu ya dhamana hiyo ilikuwa vito vya mkewe.

Raja Harishchandra inasimulia nini, na ilitengenezwaje?

Inasimulia kisa cha mfalme aliyesifika kwa kutovunja ahadi. Mjuzi Vishwamitra anamtia majaribuni. Mfalme anautoa ufalme wake, anatengana na mkewe Taramati na mwanawe Rohitashva, anaishia kufanya kazi mahali pa kuchomea maiti, na anapofikia ukingo wa kumuua mkewe kwa amri ya bwana wake, miungu inatokea na kumrudishia vyote. Kisa hiki hakikuhitaji maelezo kwa mtazamaji wa Kihindu. Hili si jambo dogo: filamu haikuwa na sauti, maelezo machache yaliandikwa kwenye vibao katikati ya picha, na watu wengi hawakujua kusoma. Phalke alichagua hadithi ambayo mtazamaji angeweza kuimalizia mwenyewe kichwani. Hata tukio la ufunguzi, mfalme akimfundisha mwanawe upinde, lilipangwa kwa kufuata mchoro wa Ravi Varma, ule ule ambao watu walikuwa nao ukutani.

Mambo ya ndani yalipigwa katika nyumba aliyopanga Dadar, na mengine katika kijiji cha Vangani nje ya Bombay. Hakukuwa na taa za studio, kwa hiyo jua ndilo lililopanga ratiba. Mfalme aliigizwa na Dattatraya Damodar Dabke, na mwana wa mfalme na Bhalchandra, mtoto wa kwanza wa Phalke. Kuigiza kulihesabiwa kuwa kazi ya aibu, hivyo inasimuliwa kwamba Phalke aliwaambia waigizaji wake wakiulizwa na watu waseme wanafanya kazi katika kiwanda cha Harishchandra. Inasimuliwa pia kwamba vijana waliopangiwa nafasi za kike walikataa kunyoa masharubu, kwa sababu kwa desturi yao mwana hunyoa baba anapofariki, na baba zao walikuwa hai.

Kazi ilichukua takriban miezi saba, na filamu ilikuwa na urefu wa futi 3,700. Ilionyeshwa kwa wageni waalikwa katika ukumbi wa Olympia tarehe 21 Aprili 1913, na kwa umma katika ukumbi wa Coronation tarehe 3 Mei. Watazamaji wa wakati huo walizoea kulipa kiingilio kwa onyesho la saa nyingi lenye vituko vya kila aina, kwa hiyo filamu ya kwanza ya India ilitanguliwa na wacheza ngoma wa Kizungu na mtu wa kuchezea vitu kwa miguu. Tangazo moja maarufu lilijivunia picha 57,000 na mkanda wa maili mbili, vyote kwa ana tatu tu, sarafu ndogo za India za wakati huo. Maili mbili zilikuwa chumvi ya mwenye biashara, kwani futi 3,700 hazifiki hata maili moja, lakini mteja aliyezoea tamthilia ya saa sita alihitaji kuhakikishiwa kwamba hatapunjwa.

Ni kweli kwamba malkia aliigizwa na mwanamume?

Ni kweli. Phalke alitafuta mwanamke wa kuigiza Taramati kila mahali, hata kwa wanawake waliojiuza miili, na hao nao wakaona kusimama mbele ya kamera ni kujishusha kupita kiasi. Hatimaye, katika mgahawa wa Grant Road, alimwona mpishi mmoja kijana aitwaye Salunke, mwenye mwili mwembamba na mikono laini, akamwongezea mshahara kutoka rupia 10 kwa mwezi hadi 15, na huyo ndiye aliyekuwa malkia wa kwanza wa sinema ya India. Katika tukio maarufu la wanawake kuoga katika birika la kasri, wote wanaoonekana wakiwa na sari zilizolowa maji ni wanaume.

Hali hiyo haikudumu. Katika filamu yake ya pili, Mohini Bhasmasur, ya mwaka huo huo wa 1913, waliigiza Durgabai Kamat na binti yake Kamlabai, wanawake wa kwanza kabisa kufanya hivyo katika filamu za India. Salunke naye hakurudi jikoni. Aliendelea kuigiza na baadaye akashika kamera.

Mke wake alikuwa na nafasi gani katika kazi hiyo?

Saraswatibai Phalke ndiye mtu ambaye, kwa maoni yangu, hadithi hii haiwezi kusimuliwa bila yeye, na bado husimuliwa hivyo kila mwaka.

Alizaliwa akiitwa Girija, na jina la Saraswati alipewa alipoolewa, kwa desturi ya Wamarathi. Mumewe alipotaka fedha, alitoa vito vyake. Mumewe aliporudi London na mashine ya kutoboa mkanda, yeye ndiye aliyejifunza kuitumia. Filamu ghafi za wakati ule zilikuja bila matundu ya pembeni, na bila matundu hayo mkanda hauwezi kuvutwa na meno ya kamera. Kazi yenyewe ilitakiwa kufanyika gizani, kwa kupapasa, bila mwanga wowote, maana mwanga ungeuharibu mkanda kabla haujatumika. Aliifanya usiku, baada ya kuwapikia waigizaji na mafundi waliokaa nyumbani kwake, ambao wakati mwingine walifika sitini au zaidi. Mchana alifua mavazi ya wafalme na miungu, na alisimama juani akishika mashuka meupe ya kuakisi mwanga kwenye nyuso za waigizaji. Alichanganya dawa za kusafishia picha. Inasimuliwa kwamba Phalke alimwomba pia aigize Taramati, naye akamuuliza, ikiwa ataigiza, kazi hizo nyingine atazifanya nani.

Tunapozungumzia "studio" ya kwanza ya India, basi, tunazungumzia nyumba ya kupanga yenye jiko moja, ambamo maabara ilikuwa chumba cha giza kando ya chumba cha watoto, na mkuu wa maabara alikuwa mama wa nyumba. Katika studio za leo kazi alizozifanya zingegawanywa kwa mhasibu, mkuu wa mavazi, fundi wa taa, fundi wa maabara na mtoa huduma ya chakula, kila mmoja akiwa na jina lake mwishoni mwa filamu. Jina lake halikuwekwa.

Je, Raja Harishchandra ni filamu ya kwanza ya India kweli?

Inategemea neno "filamu" linabeba nini. Harishchandra Sakharam Bhatavdekar alikwisha kupiga picha za mchezo wa mieleka Bombay mwaka 1899, na Hiralal Sen alikuwa akipiga vipande vya tamthilia Calcutta katika miaka hiyo hiyo. Hizo zilikuwa fupi. Ubishi mkubwa unamhusu mwongozaji mwingine, Dadasaheb Torne, ambaye Shree Pundalik yake ilionyeshwa katika ukumbi ule ule wa Coronation tarehe 18 Mei 1912, karibu mwaka mzima kabla ya Phalke.

Wanaomtetea Phalke husema kwamba Pundalik ilikuwa tamthilia ya jukwaani iliyopigwa picha kama ilivyo, kwamba aliyeshika kamera alikuwa Mwingereza, na kwamba mkanda ulisafishwa London. Wanaomtetea Torne husema kwamba mkanda ni mkanda. Serikali ya India imekwishachagua upande, kwani miaka mia ya sinema yake iliadhimishwa mwaka 2013. Nami naelekea huko huko, si kwa ajili ya tarehe, bali kwa sababu Phalke alitengeneza kila kitu kuanzia matundu ya mkanda hadi pambo la taji la mfalme, na baada ya hapo akaendelea kutengeneza.

Alitumia hila gani za picha?

Hapa Profesa Kelpha ndiye aliyefanya kazi. Kusimamisha kamera, kumwondoa mtu, kisha kuiendesha tena, kulimwezesha mungu kutokea au kutoweka ghafla. Kuupitisha mkanda mara mbili mbele ya kamera kulimwezesha kuweka umbo moja juu ya jingine, kama roho. Alijenga pia majumba madogo ya kuigiza miji, akayachoma moto au kuyabomoa, na katika picha yakaonekana makubwa. Mara nyingi hulinganishwa na Georges Méliès wa Ufaransa, ambaye naye alikuwa mwanamazingaombwe kabla ya kuwa mtengeneza filamu. Tofauti ni kwamba kwa Méliès hila ilikuwa kichekesho, na mtazamaji alijua kwamba anachezewa. Kwa Phalke hila ilikuwa muujiza, na mtazamaji wake alikuwa tayari kuuamini.

Mwaka 1917 alitengeneza filamu fupi ya kueleza jinsi filamu zinavyotengenezwa, ambamo yeye mwenyewe anaonekana akifanya kazi. Ni wanamazingaombwe wachache wanaoonyesha mikono yao namna hiyo.

Filamu ipi ilimpa mafanikio makubwa zaidi?

Lanka Dahan, ya mwaka 1917, inayosimulia Sita kutekwa nyara, na mungu nyani Hanuman kuuteketeza mji wa Lanka kwa mkia wake unaowaka moto. Salunke aliigiza humo Rama na pia Sita, mume na mke kwa mwili mmoja. Watazamaji walimiminika, na inasimuliwa kwamba huko Madras sarafu za viingilio zilisafirishwa katika magunia juu ya mkokoteni wa ng'ombe chini ya ulinzi wa polisi. Rama alipotokea kwenye pazia, na mwaka uliofuata Krishna katika Shri Krishna Janma, wapo waliosujudu pale pale ukumbini.

Kwa nini aliiacha kampuni yake mwenyewe?

Kwa sababu haikuwa tena yake peke yake. Safari yake ya pili ya London, mwaka 1914, ilimletea sifa. Alizionyesha filamu zake huko na akatakiwa abaki kufanya kazi, akakataa. Lakini vita vikuu vilipoanza waliomkopesha walifunga mikono. Mwaka 1918, baada ya faida ya Lanka Dahan, aliingia ubia na wafanyabiashara wa nguo wa Bombay, wakaunda Hindustan Films Company.

Wabia walitaka bajeti, ratiba na hesabu za kila senti. Phalke alitaka kurudia tukio hadi limridhishe. Katika ugomvi wa namna hii ni rahisi kuwalaumu wenye fedha, lakini ukweli ni kwamba mtu aliyezoea kuendesha kazi kama kaya, ambapo mke hulala kwa muda mfupi tu na hakuna anayelipwa saa za ziada, ni mshirika mgumu kwa mtu yeyote anayetunza daftari. Alijiuzulu, akahamia Benares na familia yake, akaandika tamthilia iitwayo Rangbhoomi, iliyoukejeli ulimwengu wa jukwaa. Kampuni bila yeye ilidorora, akaombwa arudi, akarudi mnamo 1922 kama mwajiriwa wa mshahara. Aliongoza filamu nyingine nyingi, ila hakuwa tena mwenye nyumba.

Sauti ilipoingia, alifanya nini?

Filamu ya kwanza ya India yenye sauti, Alam Ara ya Ardeshir Irani, ilionyeshwa Bombay tarehe 14 Machi 1931, na Phalke alikuwa bado katika ulimwengu wa picha zisizosema. Setubandhan aliitengeneza kimya kisha ikabidi itiwe sauti baadaye. Kwa mwaliko wa mtawala wa Kolhapur, alitengeneza filamu yake pekee iliyokusudiwa kuwa na sauti tangu mwanzo, Gangavataran, iliyotoka mwaka 1937 akiwa na umri wa miaka 67. Haikutikisa mtu. Watazamaji walikuwa wakitaka nyimbo na visa vya maisha ya mjini.

Ni kweli kwamba alikufa akiwa amesahauliwa?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Wakati tasnia ya filamu ilipoadhimisha miaka 25 yake mwishoni mwa miaka ya 1930, inasimuliwa kwamba Phalke alikaa miongoni mwa watu wa kawaida hadi mwongozaji V. Shantaram alipomtambua na kumpandisha jukwaani. Ulifanyika mchango, ukafika rupia 5,000, ukamsaidia kupata nyumba Nashik. Humo alifariki tarehe 16 Februari 1944.

Tuzo yenye jina lake ni ipi?

Ni Tuzo ya Dadasaheb Phalke, iliyoanzishwa na serikali ya India na kutolewa mara ya kwanza kwa mwaka 1969, ambapo aliyeipata alikuwa mwigizaji Devika Rani. Hupewa mtu kwa mchango wa maisha yake yote katika sinema, na hakuna heshima kubwa kuliko hiyo katika fani hiyo nchini humo. Satyajit Ray na Lata Mangeshkar ni miongoni mwa walioipokea. Mwaka 1971 ilitolewa pia stempu yenye sura yake.

Filamu zake bado zipo? Nianze na ipi?

Nyingi zimepotea. Mikanda ya zamani ilitengenezwa kwa nitrati, inayoshika moto upesi na kuoza, na kwa miongo mingi hakuna aliyedhani inafaa kutunzwa. Hifadhi ya Taifa ya Filamu ilianzishwa Pune mwaka 1964, na P. K. Nair, mtunzaji wake, alivisaka vipande vilivyobaki kwa familia ya Phalke. Kutoka Raja Harishchandra vilisalia vipande vya mwanzo na mwisho, na wataalamu wengine husema hivyo ni vya toleo alilolirudia mwaka 1917, si vile vya 1913.

Iliyobaki karibu nzima ni Kaliya Mardan ya mwaka 1919, na ndiyo ningempendekezea mtu aanze nayo. Inasimulia utundu wa Krishna utotoni na mapambano yake na nyoka Kaliya mtoni, na Krishna anaigizwa na Mandakini, binti wa Phalke aliyekuwa na umri wa miaka kama saba. Kabla kisa hakijaanza, kamera inamtazama mtoto huyo akiwa yeye mwenyewe, uso tu, akibadilika kutoka furaha kwenda hasira, kisha hofu, kisha kicheko, kana kwamba mtu aliyeko nyuma ya kamera anamtajia moja moja. Halafu sura ya binti inafifia taratibu, na mahali pale pale inajitokeza sura ya Krishna, mwenye taji.